Kufufua, Kuokoa na Kurejesha: Maelezo kuhusu Seva za Kuhifadhia Sauti na Picha

1.0 Utangulizi

Mtafiti wa fasihi simulizi anayerudi kutoka uwandani siku hizi harudi na mfuko wa kaseti. Hurudi na kinasa sauti cha dijitali, na kabla ya wiki kwisha yote aliyoyanasa huwa yamekwisha kuingizwa katika kisanduku kilichowekwa pembeni mwa ofisi, chenye taa ndogo za kijani na feni isiyonyamaza. Kisanduku hicho ndicho kabati la maktaba ya sauti. Siku kinapozimika na kukataa kuwaka, huitwa msimamizi wa mtandao, ambaye kwa kawaida hana habari ni sauti za nani zilizomo. Nasi tunaojua ni sauti za nani, kwa kawaida hatujui kisanduku chenyewe kinafanyaje kazi.

Makala haya yanajaribu kupunguza pengo hilo. Yanaeleza muundo wa seva ya aina hii, namna inavyoharibika na jinsi ya kuiendea pale inapoharibika. Hoja tutakayoitetea ni kwamba katika kazi hii kuna mambo matatu ambayo hayana budi kutenganishwa, nayo ni mashine, mpangilio wa diski, na yaliyomo. Kila moja lina kitenzi chake, na hasara nyingi zisizo na tiba hutokea pale kitenzi cha jambo moja kinapotumiwa kwa jingine. Huenda ikadhaniwa kwamba hili ni suala la istilahi tu, lakini tutaona kuwa istilahi hapa hugeuka kuwa amri, na amri ikishatekelezwa haitenduliki.

2.0 Kisanduku na Tabaka Zake

Seva ya hifadhi, kama tutakavyoiita, ni kompyuta kamili iliyonyimwa skrini na kibodi. Husimamiwa kwa kivinjari kutoka kompyuta nyingine mtandaoni, na programu-endeshi yake kwa kawaida ni ya ukoo wa Linux. Ndani yake huwa na diski mbili, nne au zaidi, na kazi yake ni kutunza faili na kuzigawa kwa wanaozihitaji, iwe ni mwanafunzi anayesikiliza mahojiano kwa kompyuta yake au televisheni ya ukumbini inayoonyesha filamu.

Kwa mtazamo wa anayetaka kuiokoa, seva hii ni tabaka juu ya tabaka. Chini kabisa pana umeme, ubao mama na kumbukumbu ndogo inayotunza programu ya kuwashia. Juu yake kuna diski, na juu ya diski kuna safu, yaani utaratibu unaozifanya diski kadhaa zionekane kama diski moja kubwa. Juu ya safu kuna mfumo wa faili, unaojua kila faili inaitwaje na imelala wapi. Mwisho kuna faili zenyewe, pamoja na hifadhidata ya maelezo yake. Tabaka yoyote yaweza kufa huku nyingine zikiwa nzima. Jambo hili ni rahisi kulitamka, lakini msimamizi aliyesimama mbele ya kisanduku kisichowaka, huku mkuu wa idara akimsubiri mlangoni, hulisahau upesi.

Tabaka inayostahili kuelezwa kwa urefu ni safu, kwa kuwa ndiyo isiyoeleweka kuliko zote. Mwaka 1988 David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha makala wakitetea kwamba diski nyingi za bei nafuu zikipangwa pamoja zaweza kushindana na diski moja kubwa ya bei ghali. Kifupisho walichokitumia, RAID, ndicho kinachotumika hadi leo. Tatizo la diski nyingi ni kwamba uwezekano wa moja kufa huongezeka kadiri zinavyozidi idadi. Suluhisho lake limejengwa juu ya jambo ambalo kila aliyesoma hesabu za shule ya msingi kwa Kiswahili analijua: shufwa na witiri.

Tuchukue diski nne. Mahali fulani diski ya kwanza ina 1, ya pili ina 0 na ya tatu ina 1. Idadi ya moja ni mbili, nayo ni shufwa. Kwa hiyo diski ya nne huandikwa 0. Lau idadi hiyo ingekuwa witiri, diski ya nne ingeandikwa 1, ili jumla ya zote nne iwe shufwa daima. Sasa diski ya pili ikifa, mashine husoma 1, 1 na 0, huona kwamba jumla tayari ni shufwa, na hujua kwamba kilichopotea kilikuwa 0. Hesabu hii hurudiwa kwa kila biti iliyokuwa katika diski iliyokufa mpaka diski mpya ijazwe. Kwa hakika biti hizi za shufwa hazikai katika diski moja, bali husambazwa kwa zamu katika diski zote. Lakini kanuni ni hiyohiyo.

Kutokana na maelezo haya tunapata mambo mawili. Kwanza, safu ya aina hii huvumilia kifo cha diski moja tu. Ya pili ikifa kabla ya ile ya kwanza kujazwa upya, hesabu haina pa kuanzia. Pili, ili hesabu ifanyike, sharti mashine ijue ipi ni ya kwanza, ipi ni ya pili, na data zimekatwa katika vipande vya ukubwa gani. Maarifa hayo huandikwa katika kumbukumbu ndogo ndani ya kila diski. Kumbukumbu hiyo ikifutwa, data zote zaweza kuwa bado zipo, biti kwa biti, na zisisomeke.

Inafaa pia kusema wazi kwamba safu si nakala. Faili ikifutwa kwa makosa, hufutwa katika diski zote kwa wakati mmoja na kwa uaminifu mkubwa.

3.0 Vitenzi vya Kazi Hii

Kiswahili kimejaliwa vitenzi ambavyo, vikitumiwa kwa uangalifu, hutenganisha kazi hizi vizuri kuliko Kiingereza cha mitambo yenyewe.

Kitenzi -fufua huhitaji yambwa iliyokwisha kufa. Twafufua kiwanda kilichofungwa au chama kilichozorota. Hatufufui kilicho hai. Kitenzi hiki chaifaa mashine, yaani ubao mama usiowaka au programu-endeshi iliyoharibika. Kitenzi -okoa ni kinyume chake. Yambwa yake bado ipo, ila imo hatarini, na mwokoaji mwenyewe aweza kuizamisha kwa pupa yake. Hiki chayafaa yaliyomo. Kitenzi -rejesha, ambacho ni kauli ya kutendesha ya -rejea, hudai mahali pa kutoka na mahali pa kwenda. Kitabu hurejeshwa maktaba na aliyekiazima. Data, basi, hurejeshwa kutoka kwenye nakala iliyowekwa mahali pengine. Pasipo nakala hapana kinachorejeshwa. Cha nne ni -karabati, ambacho hudhani kwamba nyumba itabaki ileile na wakazi wake watabaki ndani. Hiki chatufaa kwa safu iliyopoteza diski moja na inayojazwa upya ikiwa bado inatumika.

Katika Kiingereza cha seva hizi, neno restore hutumika kwa kurejesha nakala, na neno hilohilo hutumika kwa kuirudisha mashine katika hali iliyotoka nayo kiwandani, yaani kuifuta. Tafsiri za Kiswahili katika simu za mkononi zimeifuata njia hiyo kwa kuzungumzia kurejesha mipangilio ya kiwandani. Kwa maoni yangu tafsiri hiyo ni sahihi kisarufi na ni hatari kimatumizi. Anayerejesha hutarajia kupata kitu. Huyu atapoteza kila kitu. Ningependelea kufuta na kuanza upya, hata kama ni ndefu, kwa sababu inamwambia mtumiaji lile litakalotokea.

Utata huu huzidi pale kitufe kimoja kinapobeba kazi mbili. Katika seva za Synology, kwa mfano, kitufe kidogo cha nyuma kikibonyezwa kwa takriban sekunde 4 hadi mlio mmoja usikike, nywila ya msimamizi na mipangilio ya mtandao hurudi katika hali ya mwanzo. Kikibonyezwa tena baada ya hapo kwa utaratibu uliowekwa, mashine hujiweka tayari kusakinishiwa programu-endeshi upya, na data katika diski haziguswi. Lakini katika kurasa za usimamizi za seva hizohizo ipo pia amri ya kufuta data zote. Msimamizi aliyezoea simu huogopa kitufe ambacho kingemsaidia, au huibofya bila woga amri ambayo itamwangamiza.

4.0 Kisa cha Juni 2021

Mfano ulio wazi kuliko yote niijuayo ni ule wa seva ndogo za My Book Live za kampuni ya Western Digital. Zilianza kuuzwa mwaka 2010, na programu yake ilisahihishwa kwa mara ya mwisho mwaka 2015. Baada ya hapo ziliendelea kufanya kazi majumbani na maofisini kimyakimya, zikiwa zimeunganishwa na intaneti. Tarehe 23 Juni 2021 na siku zilizofuata, wenye seva hizo sehemu mbalimbali za dunia walizikuta zikiwaka kama kawaida, majina ya mafolda yakiwapo, na ndani yake hamna kitu. Katika kumbukumbu za matukio ya mashine palionekana kwamba programu ndogo iitwayo factoryRestore.sh ilikuwa imeendeshwa. Kwa hiyo seva zilikuwa zimetii amri iliyokuwemo ndani yake tangu zilipotengenezwa, na amri hiyo ilibeba jina la kurejesha.

Uchunguzi ulionyesha kasoro mbili. Ya kwanza, iliyokuwa imetangazwa tangu 2018 na kusajiliwa kwa namba CVE-2018-18472, ilimruhusu mtu wa mbali kuendesha amri yoyote akiwa na mamlaka yote. Kampuni haikuirekebisha, kwa hoja kwamba seva hizo hazikuwa tena chini ya matunzo yake. Ya pili, iliyopewa namba CVE-2021-35941, ilikuwa ya ajabu zaidi. Mistari ya programu iliyopaswa kudai nywila kabla ya kufuta ilikuwapo, lakini ilikuwa imewekewa alama ya kuifanya isisomwe na mashine. Kwa maelezo ya kampuni yenyewe, kasoro hiyo iliingia Aprili 2011, programu ilipokuwa ikipangwa upya. Mlango ulikuwa umeachwa bila komeo kwa miaka kumi. Julai 2021 kampuni ilianza kutoa huduma ya uokoaji wa data kwa waliopatwa na mkasa huo.

Lililo muhimu kwa mada yetu ni yale yaliyofuata. Kufuta kwa namna hii aghalabu hakufuti kila biti. Kunaandika orodha mpya iliyo tupu juu ya orodha ya zamani, kama karani anayechana daftari la maktaba na kuviacha vitabu rafuni. Baadhi ya waliochomoa umeme mapema na kuzitoa diski waliweza kuokoa sehemu ya faili zao kwa programu za kuchimbua. Walioziacha seva zikiendelea kufanya kazi, au walioanza kunakili vitu upya ndani yake, walikuwa wanaweka vitabu vipya juu ya vile vya zamani, na rafu haikuwa na nafasi ya vyote.

Palikuwapo pia kikwazo ambacho hakuna aliyekitarajia. Seva hizi zilitumia kichakato cha ukoo wa PowerPC, na mfumo wake wa faili, ext4, ulipangwa kwa vipande vya kilobaiti 64. Kompyuta ya kawaida ya wakati huo, yenye Linux, ilikataa kufungua mfumo wenye vipande vinavyozidi kilobaiti 4. Fundi aliyechomeka diski nzima kabisa alionyeshwa kosa, naye asiyejua sababu alihitimisha kwamba diski ni mbovu. Ilihitajika programu inayosoma mfumo huo bila kupitia kiini cha Linux, kama vile fuse-ext2. Ninakitaja kikwazo hiki kwa kuwa kinatukumbusha kwamba kutosomeka si kutokuwapo, na hata mafundi wazoefu hulikosea hilo.

5.0 Utaratibu wa Kuokoa

Hatua ya kwanza ni kutoandika chochote. Seva inayowaka huandika hata pale ambapo hakuna mtu anayeitumia: huandika kumbukumbu za matukio, hutengeneza picha ndogo za video, hujaribu kujikarabati. Kwa sababu hiyo ushauri wa jumla ni kuizima na kuzitoa diski, baada ya kuandika juu ya kila moja, kwa kalamu isiyofutika, namba ya nafasi iliyotokamo. Ushauri huu una kighairi kimoja. Mwezi Aprili 2021 seva nyingi za QNAP zilivamiwa na programu haramu iliyoitwa Qlocker, iliyofungia faili ndogo zisizofikia megabaiti 20 katika kasha lenye nywila na kudai 0.01 ya Bitcoin. Walioikuta kazi hiyo bado ikiendelea waliweza kuinasa nywila ilhali ingali inatumiwa na programu. Waliozima mashine kwa hofu waliipoteza nafasi hiyo. Kwa hiyo kabla ya kuzima, na atazame kwanza ni programu gani zinazoendeshwa.

Hatua ya pili ni kunakili kila diski nzima, biti kwa biti, katika diski nyingine au faili kubwa, na kufanya kazi yote iliyobaki juu ya nakala hiyo. Programu inayopendelewa ni GNU ddrescue. Sifa yake ni kwamba husoma kwanza sehemu zilizo nzima na kuziruka mbovu, kisha huzirudia zile mbovu kidogokidogo, huku ikitunza ramani ya yaliyosomwa ili kazi iweze kukatizwa na kuendelezwa. Diski inayokaribia kufa haina muda mwingi, na ni busara kuanza na kilicho chepesi kupatikana. Kwa kasi ya megabaiti 150 kwa sekunde, diski ya terabaiti 8 huchukua takriban saa 15, iwapo ni nzima. Diski nne ni siku mbili na nusu zikinakiliwa moja baada ya nyingine, na umeme usikatike. Mkuu wa idara na aelezwe hivyo mapema, ili asimharakishe mtu.

Hatua ya tatu ni safu, na hapa vitenzi vinarudi. Programu ya Linux inayosimamia safu, mdadm, ina amri mbili zinazofanana machoni pa mgeni. Ya kwanza, assemble, huziunganisha diski kwa kusoma kumbukumbu zilizomo. Ya pili, create, huunda safu mpya na kuandika kumbukumbu mpya juu ya zile za zamani. Anayetaka kuokoa huunganisha, haundi. Kuna miongozo inayopendekeza kuunda upya kwa mpangilio uleule kama njia ya mkato, na njia hiyo mara nyingine hufaulu. Lakini matoleo tofauti ya programu hiyo huanza kuweka data mahali tofauti katika diski, na anayekosea hapo huwa ameifuta ramani pekee iliyokuwapo. Njia hiyo isijaribiwe ila juu ya nakala.

Vipi kuhusu kukarabati, yaani kuingiza diski mpya na kuiacha seva ijijaze yenyewe? Ni kazi halali iwapo diski zilizobaki ni nzima, lakini iangaliwe kwa hesabu. Watengenezaji wa diski nyingi za kawaida hutoa kadirio la kosa moja lisilosomeka katika kila biti 10 kwa kipeo cha 14, sawa na terabaiti 12.5. Safu ya diski nne za terabaiti 8 ikipoteza moja, kuijaza upya kunahitaji kusoma terabaiti 24 bila kosa. Kwa uzoefu diski nyingi ni bora kuliko kadirio hilo, la sivyo ukarabati huu usingefaulu kabisa. Hata hivyo ni kazi nzito kuliko zote ambazo diski kongwe hupewa, na hupewa siku ile ambayo mwenzake wa umri uleule amekufa. Aliye na yaliyomo pasipo nakala aokoe kwanza, akarabati baadaye.

Kuhusu mashine yenyewe tutasema kwa ufupi, kwa kuwa mara nyingi ndiyo tabaka isiyo na thamani. Mwaka 2017 ilibainika kwamba vichakato vya Intel vya jamii ya Atom C2000, vilivyotumika katika seva kadhaa za hifadhi, vilikuwa na kasoro iliyodhoofisha saa ya ndani mpaka mashine ikashindwa kuwaka. Mwenye seva aliona kisanduku kilichokufa ghafla, pengine baada ya mwaka mmoja na nusu wa utumishi, na aliamini kwamba maktaba yake imekufa nacho. Diski hazikuwa na ila. Zilihitaji kuhamishiwa katika kisanduku kingine cha ukoo uleule, au kuchomekwa katika kompyuta yenye Linux, jambo ambalo Synology wenyewe wameliandikia maelekezo. Kisanduku kilikuwa cha kufufuliwa au kutupwa. Yaliyomo hayakuwa yamezimika.

Tahadhari mbili zinahusu hali ambamo diski hazijitegemei. Baadhi ya diski za nje husimba data kwa kutumia sakiti iliyo katika kasha lake, hata kama mwenyewe hakuweka nywila yoyote, na diski ikitolewa katika kasha hilo haisomeki. Kadhalika diski za kielektroniki zisizo na sahani inayozunguka huambiwa na programu-endeshi ni vipande gani havitumiki tena, nazo huvisafisha zenyewe. Kilichofutwa humo, kwa kawaida, hakichimbuliki.

6.0 Sauti Zisizo na Majina

Pale ambapo mfumo wa faili umeharibika kabisa, hubaki njia ya kuchimbua. Programu kama PhotoRec, iliyoandikwa na Christophe Grenier, haijali orodha ya faili. Hupita diski nzima ikitafuta alama za mwanzo za aina za faili zinazojulikana, kama vile faili ya sauti ya WAV, ambayo huanza na herufi RIFF. Ikiiona alama, hukata kuanzia hapo na kuhifadhi. Kwa picha na sauti fupi njia hii hufaa. Kwa video ndefu hufaa kidogo, kwa sababu vipande vyake huweza kuwa vimetawanyika, na kwa sababu faili nyingi za MP4 huandikwa fahirisi yake mwishoni. Mwisho ukikosekana, picha zote zaweza kuwapo na zisichezeke.

Lakini hata njia hii inapofaulu kabisa, hutoa faili zenye namba badala ya majina. Katika idara moja niliyowahi kufanya kazi, seva yenye mkusanyo wa masimulizi na kariri za tenzi iligoma kuwaka baada ya umeme kukatika na kurudi mara kadhaa usiku mmoja. Diski zake zilihamishiwa katika kisanduku cha aina nyingine. Kisanduku kilisema kwamba diski hazijaandaliwa na kuuliza kama ziandaliwe. Kijana aliyekuwa kazini akajibu ndiyo, na sidhani kama mimi ningejibu tofauti siku ile. Kuandaa ni neno la heri. Miezi kadhaa baadaye tulikuwa na folda ya sauti zilizochimbuliwa, nyingi zikiwa safi. Hatukujua ni za nani. Tuliketi, watu watatu, tukisikiliza na kukisia kwa lafudhi na kwa milio ya nyuma: huyu ni wa kisiwani, huyu nyuma yake kuna cherehani, basi ni yule mzee aliyekuwa fundi. Wawili kati ya wasimulizi walikuwa wameshafariki, na hapakuwa na wa kumuuliza. Sauti kadhaa hadi leo hazina mwenyewe.

Hasara ya namna hii huzipata hata taasisi zenye uwezo mkubwa. Mwezi Machi 2019 mtandao wa Myspace ulikiri kwamba, katika kuhamisha seva, ulikuwa umepoteza muziki ulioingizwa kuanzia 2003 hadi 2015, nyimbo zilizokadiriwa kufikia milioni 50. Aprili mwaka huo Internet Archive ilitoa hadharani nyimbo zipatazo 490,000, takriban terabaiti 1.3, zilizokuwa zimekusanywa miaka ya nyuma na watafiti waliokuwa wakisoma mitandao ya muziki. Nyimbo hizo, kwa maana tuliyoieleza katika sehemu ya 3.0, hazikuokolewa wala kufufuliwa. Zilirejeshwa, na ziliweza kurejeshwa kwa sababu tu mtu mwingine, kwa shabaha tofauti kabisa, alikuwa amezinakili.

Kwa mkusanyo wa idara, basi, nakala ni sharti la kwanza, moja angalau ikiwa nje ya jengo na isiyounganishwa daima na seva. Zaidi ya hapo, maelezo ya faili yasiachwe katika jina na folda peke yake. Muundo wa faili za sauti uliowekwa na Umoja wa Utangazaji wa Ulaya mwaka 1997, ambao ni WAV iliyoongezewa sehemu ya maelezo, una nafasi ya herufi 256 za kuandika ni nani, wapi na lini. Maelezo hayo husafiri ndani ya faili na huchimbuliwa pamoja nayo. Watunzi wa tenzi wengi walifanya jambo lililo karibu na hilo kwa kutaja jina lao, tarehe na pengine idadi ya beti katika beti za mwisho, hivyo mswada uliopoteza jalada bado unajieleza. Mtafiti aliye uwandani anaweza kufuata desturi hiyo bila gharama yoyote: kabla msimulizi hajaanza, ataje kwa sauti yake mwenyewe jina la msimulizi, akiwa ameridhia kutajwa, pamoja na mahali na tarehe. Maneno hayo huchukua nusu dakika, na yanakaa mwanzoni mwa faili, karibu kabisa na zile herufi nne ambazo programu ya kuchimbua huzitafuta.